Pale Palipokuwa na Kiwanda cha Rangi

Wakandarasi wa mji ule walimwita Bi Masharti, na jina lenyewe hawakumpa kwa nia njema. Kila ramani iliyopita mezani kwake ilirudi kwa mwenyewe ikiwa na mkia: jenga, lakini mfereji wa maji ya mvua upanuliwe, jenga, lakini ngazi ya dharura isiishie ukutani. Walikuwa wakitaniana kwamba hata ukimuuliza habari za asubuhi atakujibu nzuri, kisha atakutajia masharti ya uzuri huo. Siku alipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza, kwenye korido ya ofisi, nyuma ya migongo ya watu wawili waliokuwa wakilalamika, alicheka mpaka akajishika mbavu. Tangu hapo akawa analiitikia kama jina alilopewa na wazazi wake.

Alikuwa ofisa wa vibali katika idara ya mipango miji, mwanamke mwenye mvi za pembeni, mjane, watoto wake wamekwisha kushika hamsini zao. Alikuwa amekaribia kustaafu na hakutarajia jambo lolote jipya lije kumshtua kazini. Basi ndipo likaja faili la mtaa mpya wa nyumba: magorofa mafupi yaliyopangwa kwa mistari, maegesho ya magari, duka moja pembeni, na katikati uwanja wa michezo wa watoto. Aliikunjua ramani na kuanza kuisoma kama kawaida yake, kutokea barabara ya kuingilia, akifuata mistari kwa ncha ya kalamu. Alipofika kwenye kijito kilichopinda kama kiwiko, kalamu ikasimama. Kiwiko kile alikijua. Kiwanja kilikuwa palepale palipokuwa na kiwanda cha rangi, na yeye alikuwa amezaliwa pale.

Hakulifanya siri. Asubuhi hiyohiyo aliinuka akaenda kwa mkuu wa idara, akamweleza kwamba huenda faili hili likamfaa mtu mwingine. Mkuu wake alimuuliza kama ana hisa katika mradi, au kama kuna ndugu yake anayegombania kiwanja hicho. Alijibu kwamba hana kitu pale ila kumbukumbu.

"Kumbukumbu haina hati ya kiwanja," mkuu wake akasema, na kumrudishia faili. Aliongeza tu kwamba aandike maelezo yake yabaki ofisini, na kwamba vipimo vyote vifanywe na watu wa maabara, ili kesho na keshokutwa asitokee mtu wa kusema Bi Masharti alipendelea au alikomoa.

Alirudi kwenye kiti chake, lakini kazi haikwenda. Harufu ya rangi mbichi ilimjia puani pale ofisini, ile harufu kali ya mafuta iliyokuwa ikikaa kwenye mapazia na kwenye nywele za baba yake hata baada ya kuoga.

Baba yake alikuwa mchanganya rangi. Kazi yake ilikuwa kupima unga wa rangi, kuumimina kwenye mapipa ya mafuta na kusimamia mashine inayokoroga, mpaka kijani kiwe kijani chenyewe na si binamu yake. Wafanyakazi walipewa nyumba nyuma ya kiwanda, mistari ya vyumba viwili viwili iliyoshikana kuta, kila nyumba na mlango mmoja mbele na kibaraza cha saruji. Kwa kuwa mabaki ya rangi yalikuwa ya bure, kila familia ilipaka mlango wake ilivyopenda, na watu wakaitwa kwa milango yao. Kulikuwa na Mama Mlango Mwekundu, aliyekuwa na sauti ya kufikia mstari wa tatu. Kulikuwa na wale wa mlango wa kijani, wenye pacha watundu. Wao wenyewe walikuwa watu wa mlango wa njano. Mtoto akipotea, aliyemwokota hakuuliza jina la baba yake. Aliuliza rangi ya mlango, kisha akamshika mkono na kumrudisha.

Asubuhi king'ora cha kiwanda kililia na mistari yote ikaamka kwa pamoja, majiko yakawashwa, ndoo zikagongana bombani. Aliyekipiga king'ora alikuwa kijana mrefu mwenye shingo nyembamba, na jina la Mzee King'ora alilipata angali kijana, hata kabla ya kuota ndevu za maana. Alijivuna kwamba jua lenyewe lilisubiri amri yake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na bustani, na katika bustani zote ya mama yake ndiyo iliyosifiwa: nyanya, bamia, majani ya maboga yaliyotambaa hadi kwa jirani na kuleta mapatano ya kugawana. Baada ya bustani kulikuwa na kijito. Kijito kile kilibadili rangi. Siku kiwanda kilipoosha mapipa ya bluu, maji yalishuka bluu. Siku nyingine yalishuka kahawia, siku nyingine rangi ya zambarau ambayo hata baba yake hakujua imetoka pipa gani. Watoto walikimbia kila asubuhi kwenda kubashiri. Walitumbukiza miguu, wakapanda kibarazani na kuacha nyayo za rangi, wakachapwa, na kesho yake wakarudia.

Na alikuwepo mdogo wake. Alizaliwa mlango wa njano, kitinda mimba, na alipoanza kusema aliongea kama kasuku. Walimu wa kiwandani, yaani watu wazima waliopumzika kibarazani baada ya kazi, walimfundisha majina ya rangi na yeye akawarudishia yote bila kukosea. Halafu, alipokuwa bado hajafika umri wa shule, akapungua. Hakuugua kitandani wala hakupooza. Alipungua kama taa inayoshushwa utambi kidogo kidogo. Maneno yakawa machache, hesabu zikamshinda, akawa na kilio cha tumbo kisicho na sababu. Mtaa ukampa jina la Taratibu, na lilimkaa. Sasa alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye cheko la haraka, akiishi na mama yao na kuosha magari kwenye gereji ya jirani, ambako wateja walimpenda kwa sababu hakuwahi kuharakisha gari la mtu.

Kiwanda kilikuja kufungwa Bi Masharti akiwa sekondari. Wenye mali waliondoka, familia zikaambiwa zihame, na nyumba zikabomolewa kwa ajili ya matofali yake. Watu wa milango walitawanyika mji mzima. Baba yake alifariki baadaye kwa ugonjwa wa figo, na hata kitandani alikuwa akiitazama dari ya hospitali na kusema rangi ile imechanganywa ovyo.

Siku ya kwenda kukagua kiwanja alifuatana na meneja wa mradi na binti wa maabara, mtaalamu wa udongo, mwenye mabuti makubwa kuliko miguu yake. Nyasi zilikuwa zimefika kiunoni. Kazi ilipoanza Bi Masharti alitulia, maana kazi aliijua na kazi ilimjua. Barabara ya kuingilia ilikuwa moja na nyembamba. Gari la zimamoto likiingia, gari lingine haliwezi kutoka. Akaandika ziwe njia mbili, kila moja na mlango wake. Waya wa umeme mkubwa ulikatisha juu ya safu ya mwisho ya nyumba. Akaandika safu hiyo isogezwe. Kijito kilionekana kidogo na kinyonge, lakini yeye alikumbuka masika kilivyopanda hadi kwenye bustani na kuondoka na kuku. Akaandika nyumba zikae mbali nacho, na bwawa la kupokea maji ya mvua lichimbwe kabla ya msingi wa kwanza. Meneja, kijana mtaratibu aliyevaa kofia ya ujenzi iliyomkaa vizuri, alinukuu kila neno bila kubishana. Alikuwa amekwisha kuonywa kuhusu Bi Masharti, na labda alikuja amejiandaa kwa mabaya zaidi.

Kisha mguu wake ukagota kitu. Alifukua nyasi kwa ncha ya kiatu na kukuta saruji, kibaraza kilichopasuka, pembe moja ikiwa bado na doa la njano la upana wa kiganja. Alisimama pale. Alijiona amekaa juu ya saruji ile, magoti yamefikia kidevu, baba yake anarudi kazini ametapakaa unga mwekundu mpaka kwenye kope, Taratibu anamkimbilia na kumrukia kifuani kabla hajavua ovaroli. Furaha ya aina ile hakuwahi kuipata tena mahali pengine, hata katika nyumba yake mwenyewe aliyoijenga kwa jasho lake.

"Hapa nyuma palikuwa na bustani," hatimaye alimwambia binti wa maabara. "Chukua udongo wa hapa pia."

Majibu yalipokuja, binti wa maabara aliyaleta mwenyewe badala ya kuyatuma. Udongo wa kiwanja kizima ulikuwa na madini ya risasi, yale yaliyokuwa yakitiwa kwenye rangi zamani ili zing'ae na zidumu. Kando ya kijito yalikuwa mengi. Kwenye bustani yalikuwa mengi kuliko ilivyoruhusiwa hata kwenye uwanja wa karakana. Binti alieleza kwa sauti ya chini kwamba risasi haiozi wala haichujwi na mvua. Hukaa palepale ilipomwagwa, ikingoja. Mtu mzima anaweza kuishi nayo kwa miaka ikimla figo polepole. Mtoto mdogo ndiye inayemwonea, kwa sababu anatambaa, anatia mikono mdomoni, na ubongo wake bado unajengwa. Na magamba ya rangi ile, binti akaongeza, yana ladha tamu, ndiyo maana watoto huyala.

Bi Masharti alimshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi na kuketi. Ladha ile aliijua. Watoto wote wa mistari waliijua. Walikuwa wakibandua magamba ya milango yao na kuyalamba kama peremende, na Taratibu, aliyekuwa mfupi kuliko wote, alikuwa na kona yake chini kabisa ya mlango wa njano, ambako alikuwa ameubandua mpaka kwenye mbao.

Alikata shauri kwamba nyumbani hatasema kitu. Mama yake alikuwa amekula chumvi nyingi, na habari za utoto wa Taratibu zilikuwa mlango uliofungwa tangu zamani. Mtu akianza tu kusema kwamba mtoto huyu alikuwa hodari alipokuwa mdogo, mama alikumbuka sufuria jikoni na kuondoka. Bi Masharti alidhani ni majonzi ya kawaida ya mzazi, akayaheshimu.

Lakini sheria ilitaka wananchi wasikilizwe kabla ya kibali kutolewa, na mwenye mradi alikuwa amewaahidi watu wa zamani wa kiwanda kwamba watapewa nafasi ya kwanza kununua kwa bei ya chini. Kwa hiyo siku ya mkutano ukumbi wa shule ulijaa watu ambao walikuwa hawajaonana tangu ujana. Ukawa si mkutano tena, ukawa kama harusi. Wazee walikumbatiana, wakavutana masikio, wakaulizana kwa milango. Mama Mlango Mwekundu alikuwa amepofuka jicho moja lakini sauti ilikuwa haijapungua. Pacha wa kijani walikuwa sasa mmoja. Mama yake Bi Masharti alikuja amevaa nguo yake ya kutokea, ameshikwa mkono na Taratibu, na kila aliyewaona aliwasogezea kiti.

Bi Masharti, binti wa maabara kando yake, aliinuka na kueleza masharti. Barabara, umeme, kijito, bwawa, watu walitikisa vichwa kukubali. Mengine hata waliyapigia makofi. Alipofika kwenye udongo, ukumbi ukabadilika. Alisema udongo wa juu utolewe wote mahali ambapo watoto watacheza na watu watalima, upelekwe kwenye dampo maalumu, na uletwe udongo safi. Alisema vumbi limwagiwe maji wakati wa kuchimba, malori yafunikwe, kisima kisichimbwe pale, na baada ya yote hayo vipimo virudiwe kabla mtu yeyote hajapewa ufunguo.

Mzee King'ora ndiye aliyesimama wa kwanza. Sasa alitumia miwani na mkongojo, lakini shingo ilikuwa ileile. Alisema kwamba kwa masharti hayo nyumba zitapanda bei au hazitajengwa kabisa, na wao wenye umri mkubwa hawana muda wa kungoja. Alisema walikula mboga za udongo ule, wakanywa maji yake, wakazaa na kulea, na hawa hapa, hai. Watu walimuitikia. Kisha akamgeukia Bi Masharti kama mzazi anavyomgeukia mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni.

"Umekulia pale, mwanangu. Tumekubeba mgongoni. Leo unapaita sumu."

Maneno yale yalimchoma. Alikuwa na jibu, lakini jibu lenyewe lilikuwa limekaa safu ya pili, limevaa shati safi, likimtabasamia dada yake kwa fahari. Ndipo mama yake aliponyanyua mkono, akasaidiwa kusimama. Hakumtazama binti yake. Alimtazama mtaalamu wa udongo.

"Mimi nauliza tu," alisema. "Udongo huo unamfanya nini mtoto mdogo?"

Binti wa maabara hakumjua yule bibi ni nani, akajibu kama alivyofundishwa, kwa upole na kwa ukweli: maumivu ya tumbo, usingizi mbaya, kisha akili kuchelewa. Mtoto aliyekuwa mwepesi anakuwa mzito. Mara nyingi wazazi hudhani ni homa, au uchawi, au alianguka.

Mama aliketi. Hawakuwa wameshawishika, lakini kila mmoja ukumbini alikuwa ameanza kuhesabu watoto wa mstari wake kimoyomoyo. Mama Mlango Mwekundu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliongea kwa kunong'ona. Mkutano ulifungwa bila makofi.

Mchana huo, nyumbani kwa mama, Taratibu alitoka kwenda kununua mkate. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, mikono juu ya magoti, bila kuwasha moto.

"Yule binti amesema ni udongo," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Hakusema ni kuanguka."

Bi Masharti aliuliza, kuanguka gani. Mama yake akamweleza, akiitazama sakafu. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha na nguo zilikuwa kambani. Alimlaza mtoto kitandani, akatoka mbio kuzianua, na alipoingia akamkuta chini, kichwa kwenye saruji, analia. Hapakuwa na damu. Alimnyonyesha akanyamaza, na jioni alicheza kama kawaida. Hakumwambia mumewe wala jirani. Lakini mtoto alipoanza kupungua, alijua, au alidhani anajua. Miaka yote hiyo alikuwa akimtazama mwanawe akihangaika na vifungo vya shati na kujiambia, ni mimi.

"Nimelala nalo, nimeamka nalo," alisema. "Baba yenu amekufa hajui."

Bi Masharti alipiga magoti mbele yake. Angeweza kumwapia pale pale kwamba hakuwa na kosa, na nusu ya roho yake ilitaka hivyo. Lakini hakuwa mtu wa kuandika asichokipima.

"Siwezi kukuapia, Mama. Hata daktari leo hawezi kusema kwa hakika. Ila watoto wote huanguka vitandani. Mimi nilianguka, wewe ndiye uliyenisimulia ukicheka. Na hakuwa yeye peke yake. Yule mtoto wa mlango wa bluu hajaweza kusoma mpaka leo. Pacha walikuwa wanalia tumbo kila siku. Wote hao waliangushwa?"

Mama alipofungua mdomo, alikuwa amekwisha kufika mahali ambapo binti yake alikuwa akiogopa afike.

"Kumbe alikuwa anatuletea nyumbani. Baba yenu. Kwenye ovaroli."

"Hakujua."

"Hakujua," mama alikubali. "Na mtoto alikuwa anaukimbilia mlango ili ambebe. Hilo usiliandike popote."

Taratibu alirudi na mkate, akawakuta mmoja yuko chini na mwingine yuko kwenye kigoda, wote wamelowa nyuso. Aliuliza nani amekufa. Mama akamwambia hakuna, akamvuta mkono, akaushika huku Bi Masharti akiwasha jiko, mpaka chai ilipoiva.

Meneja wa mradi alikuja ofisini wiki iliyofuata. Hakuja na vitisho. Alikuja na hesabu za malori, na akauliza kama haiwezekani kufukia udongo wote kwa tabaka la udongo mwingine na mambo yakaisha. Walibishana kutwa nzima, wakanywa chai juu ya ramani. Mwishowe Bi Masharti alilegeza mahali palipolegezeka: chini ya maegesho na chini ya majengo yenyewe, ambako zege litaziba kila kitu, udongo ubaki. Kwenye uwanja wa michezo, kwenye bustani na kando ya kijito hakulegeza hata chembe. Meneja alikusanya karatasi zake, akasema kwamba jina lake wamempa kwa haki, na akatia sahihi. Nyumba zilipanda bei kidogo. Baadhi ya watu wa zamani walishindwa kununua, na si wote waliomsamehe.

Siku ya kutolewa udongo, mama alitaka kwenda kuona. Walisimama nje ya uzio, wote watatu, wamejifunika pua kwa barakoa walizopewa na mlinzi. Mashine ilishuka, ikang'oa kibaraza kama mtu anavyong'oa ganda la kidonda, ikazamisha meno yake kwenye bustani na kuinua udongo mweusi, mzuri kwa macho, udongo ambao mkulima yeyote angeutamani. Mtu mwenye bomba aliumwagia maji usitimke. Taratibu aliipenda mashine. Kila ilipogeuka naye aligeuka. Mama hakulia. Alitaja tu, moja baada ya nyingine, sehemu zilizokuwa zikiondoka: hapo nyanya, hapo bafu, hapo ndipo maboga yalipovuka.

Mzee King'ora alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, peke yake, ameegemea mkongojo. Tangu mkutano hakuwa amewasalimia. Alisogea polepole, akawa kando ya mama.

"Mimi ndiye niliyekuwa nawaita kazini," alisema. "Kila asubuhi."

"Ungefanya nini, shemeji?" mama akamjibu. "Usingetuamsha tungeamshwa na njaa."

Walibaki pale mpaka lori la mwisho lilipofunikwa turubai na kuondoka. Kisha mzee alimuuliza Bi Masharti, bila kumtazama usoni, kama kazi yake ya kukagua inachosha miguu, naye akajibu inachosha sana, wakaachana hivyo.

Magorofa yalijengwa. Bi Masharti alistaafu kabla hayajakwisha, na ofisa mwingine ndiye aliyepokea vipimo vya mwisho, ambavyo vilikuwa safi. Alialikwa siku ya kufunguliwa, akaenda, akakaa nyuma. Njia zilikuwa mbili, kijito kilikuwa na maji ya rangi ya maji. Hapakubaki alama yoyote ya mistari, hata yeye alilazimika kuangalia kiwiko cha kijito ili ajue amesimama wapi. Alitarajia kuhuzunika zaidi ya alivyohuzunika. Alichokikosa hakikuwa pale; kilikuwa kimeondoka na watu, zamani, kabla ya lori la kwanza.

Kilichomshangaza kilikuwa nyumbani. Mama yake, ambaye hakuwahi kugusa habari za utoto wa Taratibu, alianza kuzisimulia. Zilianza kama tone, neno moja wakati wa kuchambua mchele, kisha zikawa hadithi kamili baada ya chakula. Alisimulia jinsi mtoto yule alivyoanza kutembea kwa kumfuata kuku wa jirani. Alisimulia alivyomsahihisha mkubwa wa kiwanda mbele ya wafanyakazi, kwamba hiyo si nyekundu, hiyo ni hudhurungi, na mkubwa akambeba begani kuzunguka uwanja mzima. Alizisimulia bila kukimbilia jikoni, akiiga sauti, akiongeza chumvi pale alipotaka.

Taratibu alisikiliza akiwa ameshika shavu, kama anayesimuliwa habari za mtu mashuhuri.

"Huyo ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe," mama alimwambia.

"Rudia ile ya kuku."

Na mama akarudia.